CD kwenye deki inaimba safi, nikiiripu kwenye kompyuta inatoa tak-tak: tatizo liko wapi?

Mnazi Mkinda
Wakuu habari zenu, niko Tanga. Nina sanduku la CD za muziki wa zamani, taarab na dansi. Baadhi ni za kiwandani kabisa, zingine zilichomwa madukani miaka ile. Mzee anataka nyimbo zake kwenye flashi asikilize ndani ya gari. Laptopu yangu haina draivu, natumia ile nyembamba ya nje ya USB. Naweka CD, naripu (yaani nageuza nyimbo za CD kuwa mafaili) kwa Windows Media Player, nyimbo zinaingia bila ujumbe wowote wa kosa.

Shida ni kwamba baadhi ya nyimbo zinatoa tak... tak... tak, na zingine sauti inakatika kidogo halafu inarudi. CD hiyohiyo ukiiweka kwenye deki hakuna kelele. Nimejaribu kuripu kama WAV badala ya MP3, hali ni ileile. Ninunue draivu nyingine au kuna programu ya kulipia inayoondoa hili?

Jini Kisirani
Mpaka leo kuna watu wanahangaika na CD? Shusha YouTube mkuu, maisha yaendelee.

Mnazi Mkinda
Nusu ya hizi hazipo YouTube. Na zilizopo utadhani zimerekodiwa kwa simu mbele ya spika.

Fundi Mitambo
Mkuu Mnazi, usinunue kitu kwanza. Kelele inaweza kuwa inazaliwa sehemu tatu tofauti, na dawa ya moja haisaidii nyingine: kwenye CD yenyewe, kwenye safari kati ya draivu na faili, au kwenye laptopu wakati wa kucheza. Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kuondoa kwenye orodha. Hamishia faili kwenye simu, usikilize kwa hedifoni. Tak ikitokea sekunde ileile kila ukirudia, imo ndani ya faili. Ikihamahama, au ikipotea kabisa, faili lako ni zima, mgonjwa ni laptopu.

Tuseme imo ndani ya faili. Swali lako la msingi lilikuwa kwa nini deki haina shida. Watu wengi hudhani CD ya muziki ni kama flashi, unanakili faili na faili ama linakuja ama halija. Sivyo. Sheria za CD ya muziki zilitungwa na Philips na Sony mwaka 1980, na waliyemfikiria ni mtu aliyekaa sebuleni anasikiliza wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kompyuta haikuwemo kwenye hesabu. Sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia (kila kipimo ndiyo sampuli), inagawanywa kwenye vipande viitwavyo sekta, 75 kwa sekunde, kila sekta baiti 2352. Kwenye CD ya mafaili, kati ya baiti hizo 2352 ni 2048 tu ndizo zako. Zilizobaki ni anwani na ulinzi wa ziada, ndiyo maana faili la Word halibadiliki hata herufi moja. Muziki unazichukua zote 2352. Umebaki na ulinzi wa ngazi ya chini tu.

Kutokana na hapo yanakuja mambo mawili. La kwanza, ulinzi huo ukishindwa kurekebisha, draivu haikuambii "nimeshindwa". Inakisia. Inaangalia sampuli ya kabla na ya baada, inajaza katikati. Kosa likiwa dogo hutasikia, likizidi ndipo unasikia tak. Na Windows Media Player itakuandikia kazi imekamilika, kwa sababu kwa upande wake imekamilika kweli.

La pili, anwani za sekta za muziki si kali. Deki inasoma mfululizo kwa spidi moja, haisimami, kwa hiyo haihitaji kujua iko wapi hasa. Kompyuta inasoma kipande, inasimama kuandika, inarudi kuendelea. Draivu ikirudi sampuli chache mbele au nyuma ya pale ilipoishia, vipande viwili havishikani sawasawa, na kwenye kiungo panatoka tak. CD haina hata mkwaruzo na bado inalia.

Kwa hiyo fanya hivi. Shusha programu ya Exact Audio Copy (EAC), ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Iache ichunguze draivu yako inapoanza, chagua hali ya Secure, kisha badala ya kunakili tu tumia Test & Copy. Itasoma kila wimbo mara mbili na kukupa namba mbili za CRC, yaani namba za kulinganishia zinazokokotolewa kutoka kwenye kilichosomwa. Zikifanana, draivu imesoma kitu kilekile mara mbili. Zikitofautiana, wimbo huo usiuamini hata kama masikio yako yanasema ni safi. Lete majibu hapa.

Paka Shume
Mimi iTunes ina kale kakisanduku ka kurekebisha makosa wakati wa kusoma CD. Nikikaweka tiki huwa zinatoka vizuri.

Fundi Mitambo
@Paka Shume kanasaidia, na Windows Media Player nayo ina kake kwenye sifa za draivu. Tatizo ni kwamba havikupi ushahidi wowote baada ya kazi. Kwa CD mpya sina neno. Kwa sanduku la mzee, nataka kuona namba.

Mnazi Mkinda
Nimerudi. Kwenye simu tak ziko palepale, kwa hiyo zimo kwenye faili. EAC inatisha kidogo kwa vitufe, lakini nimeiweza. CD tano za kwanza, karibu nyimbo zote CRC hazifanani. Hata CD moja ambayo ni mpya kabisa, haina alama, nayo hazifanani! Na inaenda kwa kujikokota.

Fundi Mitambo
CD mpya ikikataa, acha kulaumu CD. Hiyo draivu umeichomeka wapi?

Mnazi Mkinda
Kwenye kigawio cha USB, chenye matundu manne. Pamoja na kipanya na hadidisiki ya nje.

Fundi Mitambo
Nilijua. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa mA (miliampea) 500 tu, USB 3.0 mA 900. Draivu hizi nyembamba zinapoanza kuzungusha CD au leza inapohangaika kutafuta njia, zinataka umeme mwingi kwa ghafla. Wewe umeigawanya mA 500 hiyo kwa draivu, hadidisiki na kipanya. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, kama ilikuja na ule waya wenye vichwa viwili chomeka vyote viwili. Laptopu iwe kwenye chaji. Halafu punguza spidi ya kusoma, 8x au hata 4x, kama draivu inakubali kuamriwa. Rudia CD zilezile.

Mnazi Mkinda
Aisee. CD mpya CRC zote zinafanana. Kati ya zile tano, tatu ziko sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zimebaki mbili. Moja CRC hazifanani kwenye nyimbo nyingi, na EAC inaniandikia sehemu zenye mashaka. Nyingine ni kichekesho: CRC zinafanana kabisa, na bado tak zinasikika!

Kisauni Huru
Hamjambo huko. Mimi niko Mombasa, hii kazi nimeifanya sana. Ndugu Mnazi, kabla hujasugua CD yoyote, fungua wimbo ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, vuta picha ya wimbi iwe kubwa, pima muda kati ya tak moja na inayofuata. Usipime mbili tu, pima mfululizo. Huo muda utakwambia mengi.

Kwenye deki CD haizunguki kwa kasi moja. Kinachobaki sawa ni mwendo wa njia mbele ya leza, mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde. Muziki unaanzia ndani, milimita 25 hivi kutoka katikati, unaishia nje kwenye milimita 58. Mkwaruzo mmoja uliokata kutoka katikati kwenda nje utaguswa mara moja kila mzunguko. Mzunguko wa ndani una urefu wa milimita 157 hivi, kwa hiyo tak zitapishana kwa sekunde 0.11 hadi 0.13. Mzunguko wa nje una milimita 364, zitapishana kwa 0.26 hadi 0.30. Na haijalishi umesoma kwa 4x au 24x, ndani ya wimbo pengo ni lilelile. Ukiona pengo linakua kadiri nyimbo zinavyoendelea, huo ni mkwaruzo au uchafu kwenye CD, usitafute mchawi.

Pengo lisilobadilika, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hilo ni la kusoma vipande. Kwa mfano programu ikiomba KB 64 kwa mkupuo, zinaenea sekta 27 nzima. Gawanya kwa 75, unapata sekunde 0.36. Programu nyingine zinaomba vipande vya ukubwa mwingine, kwa hiyo usikariri 0.36, kariri kwamba halibadiliki.

Tak zisizo na mpangilio wowote, hapo fikiria umeme, waya, au kompyuta iliyolemewa.

Jini Kisirani
Nilikuja kucheka, sasa nimekaa nasoma. Endeleeni.

Mama Kasida
Wanangu hamjambo? Naomba niingilie kidogo. Mimi nina CD za harusi, taarab tulirekodi wenyewe, kijana akatuchomea kwenye CD tupu. Nyimbo za mwanzo nzuri, za mwishoni zinakwaruza mpaka mashairi hayasikiki. CD haina mkwaruzo hata mmoja, ilikaa kabatini. Kuna dawa?

Fundi Mitambo
Shikamoo mama. CD ya kuchomwa si sawa na ya kiwandani. Ya kiwandani vishimo vimegandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchomwa, leza imeandika kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na umri. Kuchomwa kunaanzia ndani, wimbo wa mwisho unakaa karibu na ukingo, na ukingoni ndiko uharibifu huanzia mara nyingi: ndiko kunakoshikwa na vidole na ndiko unyevu unakopenyea. Kwa hiyo hiyo ya kwako haina haja ya kusuguliwa, inahitaji kusomwa sasa. Ijaribuni kwa spidi ya chini, kwenye draivu zaidi ya moja. Draivu hazilingani, CD iliyoshindwa huku inaweza kusomwa vizuri kule. Anzeni na nyimbo za mwisho, na msiiache ndani ya draivu ikipata moto saa nzima.

Na mama, kama kijana aliyewachomea bado yupo, muulizeni kama alibaki na faili za awali. Ni njia fupi kuliko zote.

Mama Kasida
Marahaba mwanangu. Nitamtafuta, alihamia Zanzibar.

Paka Shume
Kwa CD iliyochubuka, dawa ya meno. Paka, sugua, osha. Nimeshaona inafanya kazi kwa macho yangu.

Kisauni Huru
@Paka Shume inafanya kazi, na inaua pia. Dawa ya meno ni msasa laini. Inasawazisha mkwaruzo wa juujuu kwenye upande unaong'aa, kwa sababu upande huo una plastiki ya milimita 1.2 kabla ya kufika kwenye muziki. Ukisugua kwa kuzungusha unachora mikwaruzo mipya inayofuata njia ya leza, na hiyo ndiyo mibaya. Ulinzi wa CD unaweza kurekebisha kikamilifu pengo la milimita 2.5 hivi kwenye njia. Mkwaruzo unaokatiza kutoka katikati kwenda nje unagusa kila mzunguko kwa upana wake tu, haufiki hapo. Mkwaruzo wa mduara unaweza kula sentimita nzima ya mzunguko mmoja. Ndiyo maana hata kufuta vumbi tunafuta kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja.

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha pamba, kausha. CD nyingi "mbovu" zinapona hapo. Dawa ya meno iwe ya mwisho, kwa CD ambayo ulikuwa unaitupa hata hivyo.

Fundi Mitambo
Niongeze: upande wa maandishi ndio dhaifu. Watu wanalaza CD chali na kulinda upande unaong'aa, kumbe madini yanayorudisha mwanga yako chini tu ya rangi ya maandishi. Mkwaruzo wa msumari hapo umeng'oa muziki wenyewe, hakuna cha kusugua. Inua CD mbele ya taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, sekta hizo hazipo tena.

Mnazi Mkinda
Nimepima. CD ya kwanza, ile ya CRC zisizofanana: wimbo wa kwanza tak zinapishana kwa 0.13, wimbo wa kati karibu 0.2, wa mwisho 0.28. Kama mlivyosema, na nikiigeuza naiona kabisa alama, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Nimeiosha, sasa CRC za nyimbo zote zinafanana isipokuwa nyimbo mbili.

CD ya pili, ile ya kichekesho: wimbo wa tatu tak zinapishana kwa 1.33. Zote. 1.33, 1.33, 1.33. Halafu katikati ya wimbo zinaisha zenyewe. Wimbo wa saba hazipo kabisa. Wa tisa zipo tena, 1.33 vilevile. Hii haimo kwenye orodha yenu.

Kisauni Huru
Gawanya 60 kwa 45.

Mnazi Mkinda
1.33. Sijaelewa.

Kisauni Huru
Sahani ya santuri ya spidi 45, ndugu yangu. Nyimbo nyingi za dansi na taarab za miaka ya 60 na 70 zilitoka kwenye sahani ndogo za 45, wimbo mmoja kila upande. Waliotengeneza CD yako hawakuwa na kanda asili ya wimbo huo, wakacheza sahani yenyewe. Sahani ilikuwa na mkwaruzo, sindano inaugusa kila mzunguko, mizunguko 45 kwa dakika. Ndiyo maana zinaisha katikati: mkwaruzo uliishia hapo. Wimbo wa saba ulitoka kwenye sahani safi au kwenye kanda. Ungekuwa unatoka kwenye LP ya 33 na theluthi ungepima 1.8. Sahani za kale za 78 ni 0.77.

Draivu yako haina kosa. Imekuletea sawasawa kile kilichomo. Sikiliza tena kwenye deki, safari hii kwa hedifoni, utazisikia.

Mnazi Mkinda
Zipo! Kwenye deki zipo. Spika za sebuleni zilikuwa zinazificha.

Paka Shume
Sasa hizo anaziondoaje? Audacity ina ile ya kufuta mibofyo.

Fundi Mitambo
Ipo, na kwa tak chache inafaa. Lakini kwayo kila mlio mfupi na mkali ni mtuhumiwa. Ukiikaza itaanza kula ncha za tumba na za gitaa la solo, wimbo unabaki mlegevu bila kujua umepoteza nini. Teua zile tak moja moja, usiupitishe wimbo mzima. Na kopi isiyoguswa ibaki kama FLAC (faili lililobanwa bila kupoteza sauti), hiyo unayorekebisha iwe nyingine.

Jambo la pembeni ambalo litakusumbua usipoambiwa: EAC itakuwa inakuandikia kwamba CD zako nyingi hazipo kwenye AccurateRip. Hiyo ni hifadhi ambako watu duniani wamepeleka namba za CD zao ili mlinganishe. CD ya kimataifa utaikuta, na ukifanana na wenzako umemaliza. CD iliyotoka kwa kopi chache za Dar au Mombasa, nani aliipeleka? Kutokuwepo si ubovu, ndiyo maana nilisisitiza kusoma mara mbili. Na mtu akikwambia urekebishe "ofseti" ya draivu ili kelele ziishe, mwache aende. Ofseti inasogeza wimbo mzima kwa sampuli chache au mia kadhaa, haitoi tak.

Kisauni Huru
Kwa wa Linux wanaopita hapa: cdparanoia inafanya kazi ileile ya kusoma na kurudia. Andika cdparanoia -B na itakata nyimbo zote. Ina vikaragosi vinavyoonyesha hali ya draivu wakati inasoma. Ukiona :-) endelea na chai yako. :-( imeona mkwaruzo. ;-( imekata tamaa kurekebisha. Na kwenye mstari wa maendeleo ikibaki herufi V, hapo kuna sehemu imerukwa. Wa Mac watafute XLD.

Mnazi Mkinda
Kwa zile nyimbo mbili zilizobaki, EAC imezisoma usiku kucha.

Fundi Mitambo
Inaweza kusoma sekta moja hadi mara 82 ikikwama, usishangae. Usiikazie zaidi, utaichosha leza. Kama CD hiyo ni ya kiwandani na ipo kwenye hifadhi ya CUETools, programu hiyo ya CUETools inaweza kujaza sehemu zilizokosekana kwa hesabu, ilimradi uharibifu si mkubwa. Kama haipo, tafuta draivu ya aina nyingine. Zile kubwa za kompyuta ya mezani mara nyingi ni imara kuliko hizi nyembamba. Kuna mtu Tanga anayo?

Paka Shume
Ninayo, ilitoka kwenye kompyuta ya zamani. Ila ni ya IDE, ule waya mpana.

Fundi Mitambo
Inafaa. Atahitaji kibadilishi cha IDE kwenda USB chenye chaja yake ya umeme. Asinunue kisicho na chaja, atarudi kulekule kwenye kigawio.

Mnazi Mkinda
Kibadilishi kipo kwa jamaa yangu anayetengeneza kompyuta. @Paka Shume nimekutumia ujumbe ndani, Jumamosi uko wapi?

Paka Shume
Niko Makorora mchana. Njoo na CD ile, na mimi niione hiyo Audacity.